Jibu Nililompa Guku

Majuzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la dirisha la dawa, nikisubiri vidonge vyangu vya presha, akaja mzee mmoja akakaa kando yangu. Akatoa kikebe mfukoni, akakigonga mara mbili kwa ukucha, akavuta ugoro. Harufu ikanipata kabla sijajiandaa: tumbaku kavu, magadi, na samli kidogo. Niliinuka nikaenda kusimama upande wa pili wa uwanja, juani, na miguu yangu hii mibovu, mpaka jina langu lilipoitwa. Yule mzee lazima alidhani namwonea kinyaa. Hakuwa na kosa lolote. Niliyekuwa nagombana naye ni mzee mwingine kabisa, aliyekufa mimi nikiwa bado msichana mdogo.

Nitawaeleza nyinyi, kwa kuwa mnasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo wanangu hawaliwezi. Ila nawaambia mapema kwamba mimi si mwepesi wa kusamehe. Msije mkasema sikuwatahadharisha.

Guku, ndivyo tunavyowaita babu zetu kwa Kinyamwezi, alikuwa Mzee Mihambo wa Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya pili, na Itetemia bado ilikuwa mashamba ya karanga, mihogo na mtama, na nyumba chache zilizopeana nafasi. Ujanani Guku alikuwa mpagazi. Alibeba pembe mpaka Bagamoyo na kurudi na majora ya nguo, kabla Mjerumani hajaleta reli na kuwafanya watu kama yeye wakose kazi. Bega lake la kushoto lilikuwa na sugu nene, ngumu kama kisigino, na sisi wajukuu tuliruhusiwa kuigonga kwa vidole ili tusikie inavyolia.

Wazazi wangu walikuwa Choma, mbele ya Nzega, kwenye ng'ombe, na huko hakukuwa na shule. Baba hakuona hasara yoyote katika hilo, hasa kwa mtoto wa kike. Guku ndiye aliyeamua. Alifika Choma kwa miguu, akala, akanawa mikono, akasema, "Kalunde nampeleka kwangu akasome misheni. Nataka mke anayejua kunisomea barua." Hakuwahi kupata barua hata moja maishani mwake. Nikahamia Itetemia nikiwa na miaka saba, nikawa nalala na Bibi Nyanzala na kutembea kila asubuhi kwenda shule ya masista. Shule yangu yote ilining'inia kwenye neno la Guku. Siku akisema niondoke, ningerudi Choma na shule ingebaki Tabora.

Sasa, ili mnielewe, lazima niseme kidogo juu ya utani. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Guku aliniita mke wangu, nami nililalamika mbele za watu kwamba nimeolewa na zee lisilo na meno. Yeye aliniambia napika vibaya kuliko mke mwenzangu, yaani Bibi. Mimi nilimwibia kikebe chake cha ugoro, yeye akapiga kelele mwizi, mwizi, akanifukuza na fimbo kuzunguka kihenge cha mtama mpaka sote wawili tukakosa pumzi. Hapo Bibi alikaa kama hakimu, akanitoza faini ya mzigo wa kuni, na mambo yakaisha. Sheria ilikuwa moja tu, nayo niliijua kabla sijajua kufanya ishara ya msalaba: mtani hakasiriki. Ukitaniwa, unajibu kwa utani mkubwa zaidi. Anayenuna ndiye anayeaibika, na kijiji kizima kitamcheka mpaka msimu mwingine.

Guku alikuwa bingwa wa mambo haya. Barabara ile ya misafara ilikuwa imempa watani kila kambi, na watu walikuja kumsikiliza tu. Alikuwa na kawaida, jua likianza kulegea, ya kukaa uani na kuzitaja kambi za safari kwa mpangilio, kuanzia pwani: Bagamoyo, Mpwapwa, nchi ya Ugogo yenye kiu, Tura, Rubuga, mpaka Unyanyembe nyumbani, na katika kila kambi kulikuwa na kisa cha mtu aliyeibiwa kitoweo au aliyemkimbia simba na kuacha suruali. Jioni moja alifika Mpwapwa. Akasema Mpwapwa. Akanyamaza, akasema tena Mpwapwa, kisha akanigeukia.

"Mke wangu, hebu endelea wewe, nione kama unanisikilizaga."

Nikaendelea mpaka Unyanyembe bila kukosea, akapiga makofi. Nilijiona mtu mkubwa. Kuanzia siku hiyo nikawa namalizia mimi, na baada ya muda nikawa naanza mimi pia.

Halafu yakaja majina. Mgeni akichomoza njiani, Guku alinong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mke wangu, nani huyu ananyemelea nyumba yangu?" Nami nilijibu, "Ni Mzee Lugendo, mume wangu, amekuja kuniposa maana wewe umechakaa." Mzee Lugendo alicheka, Guku akacheka, akamkaribisha kwa jina lake. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Wala hatukukaa mimi na Guku tukapanga. Nilikuwa na miaka tisa, nikajikuta nimekuwa hodari wa kazi ambayo sikujua hata kama ni kazi.

Siku moja natoka shule nilimkuta amesimama mahali njia ya kwetu inapoachana na ile ya mjini. Alikuwa ameshika viatu vyake mkononi, amejaa vumbi mpaka magotini. Njia ile aliipita miaka yote ya uzee wake. Nilimuuliza anangoja nini, akasema anawangoja wenzake wa nyuma, mizigo yao ni mizito. Nikacheka, kwa sababu ulikuwa utani mzuri. Yeye hakucheka. Alinishika mkono akaubana hadi ukauma, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nipeleke nyumbani. Na usimwambie bibi yako." Nikampeleka. Sikumwambia Bibi, wala sista wangu wa darasa, wala padri kwenye kitubio. Nilikuwa mtoto wa kuropoka, wote wananijua, lakini ile siri niliitunza zaidi ya mwaka.

Nyumbani pia mambo yalikuwa yakibadilika, ila yalipita katikati ya kicheko. Guku alianza kukataa chakula, akasema Bibi ametia kitu. Bibi alicheka kwa nguvu, majirani wakasikia. "Mume wangu kanichoka, anatafuta sababu ya kuongeza mke kijana." Alimwuliza Bibi yeye ni nani na amefika lini, na Bibi akacheka, akasema amekuja na msafara wa jana. Nilipokuwa naokota karanga shambani nilikuwa nasikia kicheko cha Bibi toka mbali, nikajua wapo salama.

Kibangwa kilipotea wakati wa kiangazi. Kibangwa ni kipande cha kombe jeupe la baharini, duara, kilicholainishwa kwa mikono mingi, kina tundu katikati la kupitisha kamba. Hiki kilitoka pwani zamani za baba yake Guku, na mkubwa wa nyumba ndiye aliyekivaa shingoni siku za matambiko na siku za baraza, maana Guku alikuwa mmoja wa wazee waliokaa na mwanangwa, kiongozi wa kijiji chetu chini ya mtemi, kusikiliza kesi za watu. Jumapili alikiacha nyumbani ili asimkwaze padri. Kilitundikwa kwenye kigingi juu ya kitanda chake. Asubuhi moja kigingi kilikuwa kitupu.

Alitafuta kutwa nzima. Alipekua mpaka kwenye majivu ya jikoni. Jioni akaacha kutafuta, akakaa, akaniangalia.

"Mwizi wa ugoro ndiye mwizi wa kibangwa," akasema.

Bibi akacheka. Mimi nikacheka. Kesho yake alimwambia hivyo kila aliyepita njiani, nao wakacheka, wakaniambia nirudishe mali ya mume wangu. Siku ya tatu alinifukuza na fimbo, nikakimbia kuzunguka kihenge kama tulivyozoea, ila safari hii fimbo ikanipata. Alama iko hapa, chini ya kiwiko; wajukuu wangu wanadhani niliungua. Niligeuka nikamtazama usoni, nikaitafuta ile mikunjo ya kicheko pembeni mwa macho. Sikuiona vizuri, lakini nilijiambia ipo.

Siku ya nne mwanangwa akaja, na wazee wawili. Guku mwenyewe ndiye aliyewaita. Viti vikawekwa mbele ya nyumba, jua la asubuhi likiwa bado jepesi. Mwanangwa alikuwa mtu mwembamba, mwenye mwavuli, anayeongea polepole na asiyependa mzaha. Guku alivaa kanzu na koti. Bibi alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mikono imeshika pindo la kanga mapajani. Mimi nilipiga magoti, nikawaamkia wote shikamoo, wakaitikia, nikakaa chini karibu na Bibi.

Guku alizungumza vizuri mno. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Siku zote zile alikuwa akitafuta maneno, lakini asubuhi hiyo yalimjia mstari kwa mstari. Alieleza kibangwa kilivyotoka pwani, kilivyovaliwa na baba yake, watu waliohukumiwa kikiwa shingoni mwake. Kisha akanyoosha kidole. "Aliyekichukua ni huyu mtoto."

Hakusema mke wangu. Niliona hilo, lakini likanipita.

Mwanangwa akanigeukia. "Kalunde, umesikia anavyosema babu yako. Kibangwa kiko wapi?"

Nawaambieni ukweli: nilikuwa nangojea zamu yangu kwa hamu. Niliamini huu ndio utani mkubwa kuliko wote aliowahi kuutunga, ameualikia mpaka mwanangwa na mwavuli wake, na kwamba ameniachia mimi, katika wajukuu wake wote, jibu la kulingana nao. Nilisimama. Nikajikung'uta vumbi. Nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa majirani:

"Nimekiuza sokoni, nikajinunulia mume kijana mwenye meno."

Mzee mmoja akacheka, kisha akakatisha. Mwanangwa hakucheka.

"Umemuuzia nani?"

"Nimemuuzia huyo huyo mume wangu mpya."

Nikamgeukia Guku nipokee kicheko changu. Alikuwa analia. Machozi yalishuka, na hakuyafuta. "Mnamsikia wenyewe," akawaambia. "Nimefuga mwizi ndani ya nyumba yangu, na bado ananicheka."

Hapo ndipo nilipojua hatuchezi. Nikamtazama Bibi. Bibi ndiye aliyekuwa hakimu wa utani wetu, ndiye aliyeujua toka nilipofika. Neno moja lake lingetosha: mtoto anatania. Bibi alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nikaanza kulia, nikasema sikuchukua, nilikuwa natania tu, naapa kwa Mama Maria. Mwanangwa akasema mtu anayesema hili asubuhi na lile baada ya dakika moja yeye hajui amwamini lini.

Na bado nilikuwa na neno. Lilikuwa hapa, mdomoni kabisa. Ningeweza kusema: huyu mzee hajui majina yenu, mimi ndiye ninayempa. Ningesema anapotea njiani, kambi za safari namtajia mimi, jana amemuuliza mkewe amefika lini. Nilimtazama Guku na machozi yake, nikakumbuka mkono wake ulivyobana wangu pale njia panda. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi, nimeitwa mwizi mbele ya watu wazima na mtu niliyempenda kuliko wote, na bado nilimtunzia siri yake.

Hawakunitoza kitu. Walisema tu nirudishwe kwa baba yangu. Kesho yake nilipandishwa lori lililokuwa linakwenda kuchukua pamba Nzega, na toka Nzega mjomba akanipokea tukaenda Choma kwa miguu. Guku hakutoka ndani kuniaga. Bibi alinifungia karanga kwenye kitambaa, akanishika kichwa, akasema niwasalimie. Sikuzila zile karanga. Niliziacha kwenye lori.

Huko Choma, Baba alisema ndiyo matunda ya shule. Habari ilikuwa imenitangulia, na watoto wa huko wakawa wananiita Kibangwa. Nikapewa ndama wa kuchunga na jiwe la kusagia. Nilipanga hesabu kichwani nikiwa machungani ili nisizisahau, nikijua wenzangu Tabora wameshafika kwenye hesabu za sehemu. Usiku nililala nikimchukia Guku. Sijui niseme kwa neno gani jepesi zaidi. Nilimchukia kwa sababu nilijua alijua kwamba mimi si mwizi. Nani zaidi yake angejua? Niliona ameichukua ile sheria yetu, mtani hakasiriki, akanitegea nayo kama mtu anavyomtegea kanga shambani.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, ikaja habari kwamba Guku anaumwa. Baba akatuchukua mimi na Mama tukaenda kumwamkia. Tulimkuta uani, amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, amekonda, koti lile lile limekuwa kubwa kwake. Bibi alikuwa anamnywesha uji. Baba akapiga magoti akamwamkia. Guku akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Tua mzigo upumzike, kijana. Maji yapo pale." Baba aligeuka pembeni, akajifanya ameingiwa na vumbi machoni.

Kisha akaniona mimi nyuma ya Mama. Uso wake ukabadilika. Ile mikunjo pembeni mwa macho ikaja yote, niliyoitafuta siku ya fimbo nisiione.

"Na huyu mke wa nani, mzuri hivi?" akauliza. "Mumewe kamwacha atembee peke yake, hana wivu?"

Akainama mbele kidogo, mdomo uko tayari kucheka, akingoja. Wote wakanigeukia. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo majibu kumi. Mwaka mzima wa kuchunga ndama haukuwa umeniondolea hata moja. Lakini nilisema moyoni: umenifukuza kama mbwa mwizi, umeniondolea shule, na leo unanitania kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikageuza uso nikawaangalia kuku. Mama akanifinya mgongoni, na bado nikanyamaza. Nilinyamaza kwa makusudi, nikijua ninachofanya, na nilimsikia anavyovuta pumzi akingoja. Mwishowe Bibi akasema mtoto amechoka na safari. Asubuhi tukaondoka. Mvua za kwanza hazijanyesha, tukasikia amefariki.

Maisha hayakunisahau moja kwa moja. Katekista wa Choma alinifundisha nilichokosa, nikiwa nimeshakuwa mwali, na baadaye nikapata kazi ya kufagia wodi katika hospitali ya misheni, mbali na kwetu, kisha wakanifundisha uuguzi msaidizi. Huko wodini ndiko nilikomkuta Guku tena. Mama mmoja alimleta baba yake mzee aliyevunjika mguu. Kila tukipita kitandani, yule mzee alitushika aproni akatunong'oneza kwamba binti yake amemwibia blanketi, na blanketi amejifunika. Binti alikuwa analia jikoni. Daktari akamkalisha, nami nikawa natafsiri. Alisema ubongo nao huugua, kama ini au figo. Unaanza kwa kupoteza mambo ya karibuni, na mtu anapoweka kitu asikumbuke kukiweka, akili yake humwambia kimeibwa. Halafu humtuhumu yule aliye karibu naye zaidi, kwa sababu ndiye anayemwona kila saa. Mambo ya zamani sana hukaa mpaka mwisho: sala, nyimbo, salamu, mzaha.

Nilitafsiri mpaka mwisho, nikaweka sinia chini, nikatoka nje. Mngedhani nilifarijika. Nilikasirika, tena vibaya. Miaka yote hiyo nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na daktari yule alikuwa ameninyang'anya kwa maneno machache.

Nikaomba likizo nikaenda Itetemia. Bibi Nyanzala alikuwa hai bado, mdogo mdogo, macho mekundu kwa moshi wa miaka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akapapasa uso wangu. Nikamwambia nimekuja kumweleza kwamba Guku alikuwa mgonjwa wa ubongo, hakukusudia.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini, Bibi?"

"Kabla yako wewe. Mimi ndiye niliyelala naye." Akapangusa macho. "Mwanamume akiharibika akili, mjukuu wangu, watu wanamtazamaga nani? Wanamtazama mkewe. Wanatazama macho yake kama ni mekundu, waseme ni mchawi. Jirani yetu wa kule bondeni walimchomea nyumba, mumewe alipoanza kuongea peke yake. Basi nikacheka. Kila alichoharibu nikakichekea, waseme huyo ni Mihambo na utani wake."

Nikamuuliza kibangwa.

"Nilikikuta siku ya pili, kwenye mtungi wa mbegu za karanga. Alikificha mwenyewe."

Siku ya pili. Baraza lilikuwa siku ya nne. Nikamuuliza siku ya baraza kilikuwa wapi. Bibi alichukua pindo la kanga yake, akalikunja fundo, akanionyesha fundo tupu.

"Hapa," akasema. "Ningekitoa, wangeuliza kimefikaje mtungini mwangu, au wangejua yeye hana akili tena. Yote mawili ni mimi. Wewe ulikuwa na baba na mama wa kukupokea. Mimi ningepokelewa na nani?"

Nilikuwa nimekaa karibu yake siku ile. Kanga yake ilinigusa goti. Guku alinisaliti bila akili, na hilo nimeshaliacha. Bibi alinisaliti kwa akili timamu, akanipima mimi na yeye, akaniona mimi ndiye mwepesi. Ningekuwa mimi, huenda ningelifunga fundo lile lile. Lakini kuelewa ni kitu kimoja. Sikumwambia nimemsamehe, wala yeye hakuniomba. Nikainuka nichukue mfuko wangu.

"Siku ile mlipokuja kumwamkia," Bibi akasema, "kwa nini hukumjibu?"

Nikauweka mfuko begani.

"Ulinitesa, Kalunde. Mlipoondoka akawa ananiuliza, yule mke wangu amejibu nini? Kila aliyepita akamuuliza, amejibu nini? Mwisho nikamtungia. Nikamwambia amesema mume wake ni zee lisilo na meno. Akakataa. Nikatunga jingine, akakataa. Akasema huyo si yeye, yeye anajibuga vizuri zaidi. Akawa anakaa pale uani ameelekea njia, akingoja. Mimi alishanisahau, wanawe alishawasahau. Aliuliza hilo tu mpaka alipoacha kuongea."

Nikaweka mfuko chini, nikakaa tena kwenye mkeka. Miaka yote ile nilijihesabu kuwa mimi ndiye niliyetupwa. Sikuwahi kufikiri kwamba katika kichwa kile, ambamo karibu kila kitu kilikuwa kimeshatoka, nilikuwa bado nimo, naye alikuwa akikaa kila siku ananisubiri nifungue mdomo.